Kabla ya picha, uliza kinafanya kazi gani

Anayekuja Mombasa mara ya kwanza akiwa na kamera huanzia kwenye Pembe za Ndovu pale Moi Avenue. Simlaumu. Zimesimama juu ya barabara, nyeupe, kubwa, zimepishana zikaunda herufi M, na tangu ziwekwe miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza zimepigwa picha mpaka basi. Ukiniletea picha hiyo nitaitazama kwa adabu, kisha nitakurudishia simu yako. Nionyeshe mkia wa mkokoteni tuzungumze.

Nenda Marikiti, soko la mjini, asubuhi, mahamali wakiwa wanashusha viazi na vitunguu. Mkokoteni una magurudumu mawili, mikono miwili mbele, na nyuma kabisa, upande wa chini, pamepigiliwa kipande cha tairi kuukuu. Mgeni akikiona hudhani ni kiraka. Hiyo ndiyo breki. Barabara ikiteremka na mzigo ukaanza kumsukuma, hamali huinua ile mikono ya mbele, mkia ukashuka, tairi likasugua lami, na magunia yote yakatii. Chutama utazame kwa karibu: tairi limelika upande mmoja, nyuzi za ndani zimechomoza, na misumari imeng'aa kwa kusuguliwa. Mkokoteni mzima uliojaa matikiti kila mtu anao kwenye simu yake. Lile tairi limegusa lami, na vidole vya miguu vimekaza ndani ya ndala, hiyo sasa ni picha yako wewe.

Mimi ni baharia, na baharia hatalii. Meli ikishafunga gatini unapewa saa chache, na nusu ya saa hizo huishia langoni mwa bandari na kutafuta laini ya simu umpigie mama. Makumbusho hayana nafasi. Kinachobaki ni kuzunguka mitaa ya karibu ukitazama watu wanavyoishi. Ndiyo maana albamu yangu haina minara mashuhuri wala mabustani ya wafalme. Ina mifuniko ya mitaro, ndoano za juu ya paa na vikombe vilivyovunjika. Na ushauri wangu wote kwa anayependa picha za namna hii umo kwenye swali moja ambalo nalitanguliza kabla ya kuinua simu: hiki kinafanya kazi gani? Kwa sababu kitu kikikushangaza wewe, jua yuko mtu anakitumia kila siku wala hakimshangazi. Ukijua anakitumiaje, utajua usimame wapi, ungoje nini, na ukate nini nje ya picha.

Chukua mfano wa majengo yaliyoinama. Santos, bandari kubwa ya Brazili, ina maghorofa yaliyopangana ufukweni ambayo yamelala upande, mengine ukiyatazama unataka kuvuka barabara uende mbali nayo. Watu wanaishi humo. Nguo zimeanikwa kwenye roshani, mtu anamwagilia maua. Yalijengwa juu ya mchanga ambao chini yake pana udongo laini, na misingi haikuchimbwa kina cha kutosha. Amsterdam nako nyumba za kale za kando ya mifereji zimeinama, lakini nyingi zimeinama mbele, kuelekea barabarani, tena kwa makusudi. Tazama juu ya dirisha la mwisho utaona boriti yenye ndoano. Ngazi za ndani ni nyembamba mno, kabati halipiti, basi vitu huvutwa kwa kamba kutoka nje. Na ukuta umeinamishwa ili mzigo usigonge madirisha ukipanda. Asiyeuliza ataandika “nyumba zilizopinda” chini ya picha zote mbili. Aliyeuliza, kule Santos atatafuta roshani yenye watu, na Amsterdam atangoja siku ya mtu kuhama nyumba.

Kitu kilichoinama kina adha yake: ukipinda simu hata kidogo hakuna atakayekuamini. Weka ndani ya picha kitu ambacho kila mtu anajua kiko sawa, upeo wa bahari kwa mfano, au mlingoti wa taa. Ukubwa nao ni hivyo hivyo. Japani miji mingi ina mifuniko ya mitaro yenye nakshi, kila mji na michoro yake, maua, samaki, ngome, mingine imetiwa rangi. Mtindo huo ulishika kasi miaka ya 1980. Ukipiga mfuniko peke yake, nyumbani watadhani ni sahani. Tia ncha ya kiatu chako pembeni. Mimi hutia buti la kazi, na sasa jamaa zangu wanalijua buti lile kuliko wanavyonijua mimi.

Mara nyingi picha nzuri haiko kwenye kitu chenyewe, iko kwenye alama kinachoacha. Kolkata chai ya barabarani hutiwa katika kikombe kidogo cha udongo, na ukishamaliza hukirudishi, unakitupa. Kikombe mkononi ni picha ya kawaida. Lile rundo la vigae vyekundu chini ya benchi la muuzaji, na nyuki juu ya utomvu wa sukari, ndilo linalomfanya mtu aulize. Vingine havihitaji maelezo hata kidogo. Alama ya kukataza doriani, lile tunda lenye harufu kali, kwenye treni za Singapore, imewekwa karibu na ile ya kukataza sigara, ukimwonyesha Muunguja anacheka bila kuambiwa neno.

Sasa, uulize nani? Muulize anayekitumia kitu hicho, si anayewatembeza wageni. Pale Mji wa Kale wa Mombasa nimesikia mlango mmoja wa nakshi ukipewa hadithi mpya kila kundi la wageni linapopita, na mwenye nyumba amekaa barazani ananyamaza zake. Ukosefu wa lugha si kisingizio. Unasalimu, unaonyesha kitu kwa kiganja, unainua nyusi. Watu wanapenda kueleza kazi zao, na mara nyingi watakufanyia kitendo chenyewe uone, jambo ambalo kwa picha ni bora kuliko maelezo.

Hapa Mombasa sisi wenyewe ndio “ajabu” za wengine, na hilo limenifunza zaidi kuliko safari. Muuza kahawa wa Mji wa Kale amebeba dele la shaba lenye makaa chini yake, mkono wa pili una vikombe vidogo anavyovigonganisha, kle kle kle, ndiyo tangazo lake. Mgeni humwona akatoa simu, akapiga, akaenda. Wazee walioko barazani hawasemi kitu, lakini utaona mmoja amegeuza uso ukutani. Mgeni mwingine huja akatoa salamu, akaketi, akanunua kikombe cha kahawa tungu na kashata, akauliza bei ya dele siku hizi. Huyo hata kuomba picha haombi; ataambiwa “mbona hupigi?” Na atapata kile ambacho wa kwanza hakukiona: mkono wa mzee umefunika kikombe kisitiwe tena, vidole vimeshika ukingo kwa sababu kikombe kinachoma, kashata imeumwa nusu juu ya kipande cha gazeti.

Leso nazo. Wageni wameshajua kwamba leso zina maneno, basi humwandama mama wa watu kwa nyuma wakimpiga picha mgongoni ili wasome jina la leso yake. Jamani. Yale maneno, “Wema hauozi” au “Sisi sote abiria, dereva ni Mungu”, yamechapwa kwenye kitambaa, lakini pale ulipolenga simu ni mwilini mwa mtu. Nenda Biashara Street, leso zimetundikwa madukani kuanzia juu hadi chini, pindo, mji (ile sehemu ya kati) na jina vyote wazi, muombe mwenye duka upige unavyotaka. Ukitaka leso iliyovaliwa, muombe mwenyewe uso kwa uso. Akikataa, amekataa. Usingoje ageuke.

Siku hizi hili si suala la adabu peke yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Ujerumani sheria ya kuchapisha sura ya mtu kwa ridhaa yake ni ya tangu 1907. Falme za Kiarabu unaweza kujikuta mahakamani kwa kumpiga picha asiyetaka. Na Japani simu nyingi zinazouzwa huko hulia kila unapopiga picha, hata uitie kwenye kimya. Niliwahi kununua moja, nikaja nayo Mombasa, ikawa inanitangaza kila kichochoro. Nadhani ni sauti yenye faida. Mtu akisikia anageuka, mnatazamana, mnaelewana au hamwelewani.

Watoto usiwapige nyuso, hata wakikuzunguka wakipiga kelele “mzungu, picha!” Piga magari yao ya waya na vifuniko vya chupa, ndiyo yenye ufundi. Kwenye feri ya Likoni, lango la bandari na popote penye askari mwenye bunduki, simu iwe mfukoni. Hakuna kituko cha barabarani kinachostahili kukufanya uandike maelezo kituoni.

Mambo ya mwanga na vyombo nitayapitia haraka kwa kuwa kila mtu ana lake. Sisi tuko karibu na ikweta. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua liko utosini na nyuso zote zina mashimo meusi machoni. Asubuhi saa moja hadi saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi, ndio wakati. Isipokuwa vichochoroni mwa Mji wa Kale, ambako kuta zimekaribiana mno hata jua haliingii mpaka adhuhuri, na likiingia linakuwa mstari mmoja mwembamba. Simama ungoje mtu aukanyage. Ukienda kaskazini sahau ratiba hii. Rotterdam mwezi wa Desemba jua limeshazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwezi wa Juni mpaka saa nne usiku bado linachungulia.

Ukitoka kwenye chumba cha eyasii (kiyoyozi) ukaingia joto la Mombasa, lenzi itafunga ukungu papo hapo. Usiipanguse ovyo. Iache dakika chache ipate joto la nje. Chumvi ya baharini ifute kwa kitambaa laini cha pamba, pumzi kidogo kwanza, kwa maana ukisugua kavu unakwaruza kioo. Na kabla ya kuweka picha mtandaoni, zima ile huduma inayobandika mahali picha ilipopigwa, hasa kama ni mlangoni mwa mtu.

Mazoezi yafanyie nyumbani, usingoje tiketi. Mimi nilipokuwa likizo nilianza na kunguru. Tunawatukana kutwa: ni wageni kutoka India, waliletwa Unguja miaka ya 1890 kusaidia kusafisha taka, wakaenea pwani nzima, na mwaka 2024 serikali ya Kenya ikatangaza mpango wa kuwapunguza kwa sumu, shabaha ikiwa kunguru milioni moja. Lakini nani ametazama viota vyao? Jaribu miarobaini ya mtaani kwako. Katikati ya vijiti kuna vipande vya waya, na pengine kibanio cha nguo kilichopotea kambani kwako. Nilichukua picha tatu za kiota kimoja, na hii ndiyo kanuni yangu kwa kila kitu: moja ya mbali ionyeshe kiko wapi, moja ya karibu ionyeshe kimetengenezwaje, na moja ya kikiwa kazini. Ya tatu huchukua muda. Kaa na soda yako ungoje.

Usiku ule ule andika mambo matatu: mahali, tarehe, na jibu ulilopewa, kwa maneno ya aliyekujibu. Usiseme utakumbuka. Nina picha kutoka bandari za Asia ambazo sijui tena ni chombo cha kukamulia miwa au cha kukunjia nguo, na sasa hazina faida hata ya kubishania.

Ukiahidi kupeleka picha, peleka. Ukiwa na namba ya mtu itume jioni hiyo hiyo. Kama hana simu ya kupokea picha, studio za mjini husafisha nakala kwa bei nafuu. Mama mmoja anayeuza achari pale Lighthouse, Mombasa, nilimuomba hivi: “Mamangu, naomba nipige picha ya hizi achari.” Akasema, “Piga, mwanangu, lakini nunua kwanza.” Nikanunua achari ya embe na mabuyu, nikapiga ile mirundo myekundu na mkono wake umeshika kijiko, wiki iliyofuata nikampelekea nakala. Akaitazama, akaniuliza uso wake uko wapi. Yeye alitaka apigwe mzima mzima, na si siku ya kazi. Nije Ijumaa baada ya swala, atakuwa amevaa buibui jipya, na achari nisizitie.