Maswali na Majibu: Pweza, Pilipili na Barafu

Mchuzi wangu wa pweza wa nazi una ladha nzuri, lakini pweza mwenyewe hatafuniki. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Nyama ya pweza imejaa nyuzi ngumu ambazo hulegea kwa moto mdogo wa muda mrefu, wala si kwa moto mkali. Ukishamsafisha, mbandike katika sufuria iliyofunikwa bila kuongeza maji, kwa kuwa atatoa yake ya kutosha, kisha mwache achemke taratibu hadi uma uingie bila kulazimishwa. Pweza wa kilo moja na nusu huweza kuchukua takriban saa nzima. Kumpiga mwambani kama wafanyavyo wavuvi kunasaidia, na kumgandisha usiku mmoja kunasaidia vilevile, kwani barafu inayojiunda ndani ya nyama huzikata nyuzi hizo. Akishaiva ndipo utie tui la pili, kitunguu thomu, bizari na pilipili mbuzi. Chumvi ionje kwanza, maana maji yake yana chumvi tayari. Tui zito liwe la mwisho, ukikoroga mfululizo lisije likakatika.

Nilikula mchuzi wa vibua wenye pilipili nyingi, na kabla ya saa kuisha uso uliwaka, kichwa kikauma na mwili ukatoka vipele. Je, pilipili ilizidi? (Msomaji, Mombasa)

Sidhani kwamba kosa ni la pilipili. Dalili hizo zinafanana zaidi na sumu ya histamini, ambayo bakteria huitengeneza katika nyama ya samaki kama vibua, jodari na nguru wanapokaa kwenye joto baada ya kuvuliwa. Sumu hiyo ikishajitengeneza haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kugandisha, na samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Wakati mwingine huwasha ulimi, lakini nani atautambua muwasho huo ndani ya mchuzi mkali? Ndiyo maana nina shaka na samaki aliyekwisha kupakwa pilipili akiwa bado sokoni. Nunua aliyelazwa kwenye barafu tangu chomboni. Katika joto letu kipimo kizuri ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Dalili zikirudi, au pumzi ikibana, nenda hospitali mara moja, kwa sababu huenda ikawa ni mzio.

Kijiji kimefunga mwamba wa pweza usivuliwe kwa miezi mitatu. Sisi wanunuzi tutakula nini? (Mchuuzi, Pemba)

Malalamiko yako yana msingi, ila hesabu ya pweza ni tofauti na ya samaki wengine. Pweza hukua haraka mno, na jike hutaga mara moja tu maishani, akayalinda mayai yake hadi yaanguliwe, kisha akafa; kwa hiyo ukimchukua akiwa mdogo umepoteza uzito na kizazi kwa pamoja. Tanzania Bara, kanuni za uvuvi zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500, lakini kanuni hiyo ni ngumu kuitekeleza mwambani, ambako akina mama huvua kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na pweza huwa ameshachomwa mkuki kabla ya kupimwa. Kufunga eneo ni rahisi zaidi kusimamia. Tatizo ninaloliona liko siku ya kufungua: watu humiminika hata kutoka vijiji vya mbali, pweza huzagaa ufukweni, barafu huisha na bei huanguka, hivyo waliovumilia miezi mitatu ndio huambulia kidogo. Ningependa kamati za vijiji na wachuuzi wakubaliane bei na kiasi cha barafu kabla ya siku hiyo, na mwamba ufunguliwe kwa awamu badala ya siku moja.

Kamba wangu wamezidi pilipili. Niongeze maji? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ongeza tui zito na ukwaju kidogo, na uwatoe kamba kwanza wasikauke.