Kabla hujalipia kisu cha fundi, uliza moto na wembamba

Ukitaka kuagiza kisu cha mpishi kilichotengenezwa kwa mkono, usianze kwa kuuliza jina la chuma. Muulize fundi anakichoma kwenye tanuri gani na kwa nyuzi ngapi. Kisha muulize ubapa unabaki na unene gani pale juu kidogo ya makali. Fundi anayeijua kazi yake atakutajia namba papo hapo. Anayebabaika mshukuru, uendelee kutafuta.

Mimi ni mpishi wa Mombasa, na kwa jiko la pwani nasimama na stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Chuma cha kawaida hunoleka vizuri sana, lakini huku kuna hewa ya bahari, chumvi, ukwaju na maembe mabichi. Kata ndimu, geuka uangalie wali, ukirudi ubapa umeshaanza kuingia weusi, na kitunguu cha kachumbari kimeshika harufu ya chuma.

Wapishi wa zamani watakwambia stenlesi haishiki makali, na kwa visu walivyovijua wao walisema kweli. Mtaalamu wa vyuma Harry Brearley alipoanza kukitumia chuma hicho kwa visu mjini Sheffield, Uingereza, baada ya mwaka 1913, mafundi wa huko walimwita mvumbuzi wa visu visivyokata. Sababu zilikuwepo. Kromiamu, metali inayochanganywa humo kuzuia kutu, ikikutana na kaboni nyingi huzaa punje kubwa na ngumu ndani ya chuma. Ukiyafanya makali kuwa membamba, punje zile hung'oka na kuacha mapengo madogo. Tena chuma hiki kilihitaji moto mkali kuliko ule mafundi wa Sheffield waliouzoea.

Vyuma vya siku hizi vimelitatua hilo kwa njia mbili. AEB-L ya kampuni ya Uddeholm ya Sweden ilitengenezwa kwa ajili ya nyembe za kunyolea. Ina kromiamu asilimia 13 hivi, na kaboni yake imepimwa ili punje zibaki ndogo. Njia ya pili ni ya unga: chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa chembechembe, kisha chembechembe hizo hushindiliwa kwa joto na nguvu hadi zishikane. MagnaCut, iliyotoka mwaka 2021 kwa kazi ya mtaalamu wa Marekani Larrin Thomas, ni ya aina hiyo, na inazuia kutu vizuri mno.

Lakini chuma hicho kizuri kikichomwa vibaya ni bati tu la bei ghali. Wahunzi wetu wa jua kali hutoa visu imara kwa springi za magari: wanaipasha kwenye mkaa, wanaisoma rangi ya moto kwa jicho, wanaichovya kwenye mafuta, na inakubali. Stenlesi haikubali hivyo. AEB-L inataka nyuzi 1,070 za Selsiasi hivi, ikae humo dakika kadhaa bila joto kuyumba, kwa hiyo lazima tanuri la umeme lenye kipimo. Ikitoka hubanwa katikati ya vibao viwili vya alumini ipoe haraka bila kupinda. Baada ya hapo hupelekwa kwenye baridi kali, ya barafu kavu au ya naitrojeni ya kimiminika iliyo nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha hupashwa tena mara mbili kwa nyuzi 175 au zaidi kidogo ili isivunjike ovyo. Fundi akiiruka hatua ya baridi, sehemu ya chuma hubaki laini na makali hujikunja kazini. Namba unayoitaka ni 60 hadi 62 kwa Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma.

Wala usisikitike ukisikia kisu hakikupigwa nyundo. Visu vingi vya stenlesi vya mafundi hukatwa kutoka kwenye bamba na kusagwa taratibu kwenye mkanda wa msasa, na ubora haupungui hata kidogo.

Sasa wembamba, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wanapoteza pesa. Kisu kinaweza kunyoa nywele za mkono na bado kikawa kisu kibaya cha jikoni. Chukua karoti nene, ikate katikati kwa urefu. Ikilia "ka!" na kupasuka kabla makali hayajafika kwenye kibao, ubapa ni mnene, unaipasua kama kabari. Kisu chembamba hupita kimya na pande zote mbili hubaki laini, zinang'aa. Kwa kisu chenye ubapa wa urefu wa milimita 210, mgongo uwe milimita 2 hadi 2.5 karibu na mpini na uzidi kupungua kuelekea nchani. Juu kidogo ya makali, uwe kati ya milimita 0.2 na 0.4. Wembamba huo ndio mkono wa fundi, na ndio unaokuwezesha kukata vitunguu vya biriani ya harusi bila bega kulalamika.

Kwa mpini nachagua mpingo. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake wenyewe, na maji hayausumbui sana. Mafuta hayo hayo huikataa gundi, kwa hiyo muulize fundi kama aliufuta kwa asetoni kabla ya kubandika. Muulize pia kibali cha mti, maana jamii nzima ya mpingo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017.

Kikishafika nyumbani, usimpe mnoa visu wa mtaani mwenye jiwe la kuzunguka. Kwa panga ni fundi hodari, namheshimu. Ila zile cheche ni joto, na makali membamba yakipata joto kupita lile la mwisho la tanurini hulainika, na ulaini huo hautoki mpaka sehemu hiyo isagwe yote. Tumia kinoo cha maji cha namba 1000, umalizie na cha 3000 kilicho laini zaidi. Kwa ubapa wa kimo cha milimita 45, inua mgongo kama milimita 12 kutoka kwenye jiwe, hiyo ni nyuzi 15 hivi. Noa upande mmoja mpaka usikie kwa kidole gumba kijiukingo cha chuma kimejikunja upande wa pili, ndipo ugeuze. Shika kisu chini ya taa, makali juu: penye mng'ao bado pana ubutu.

Osha kwa sabuni, kausha, weka. Ukikiacha kwenye sinki lenye chumvi au dawa ya klorini, hata stenlesi itatoboka vidoa vidoa. Kibao kiwe cha mbao au plastiki, kamwe kisiwe kioo wala marumaru. Nazi, mifupa na nyama iliyoganda viachie panga.

Kwa kisu cha kwanza ningeagiza AEB-L ya milimita 210, Rockwell 61. Haihitaji kinoo maalumu, wakati MagnaCut yenye asilimia 4 ya vanadiamu, metali inayozaa punje ngumu sana, hunoleka haraka zaidi kwenye kinoo cha almasi. Tarajia dola 300 hivi kwenda juu, na foleni ya miezi. Mwambie fundi kama unatumia mkono wa kushoto, mpimie upana wa kiganja chako, na mtajie unachokata kila siku, kwa sababu kisu cha mtu wa samaki na cha mtu wa sukumawiki na kabichi hasagi kwa unene mmoja.