Soya ikiwa njano mbugani, usikimbilie urea

Mvua zikishachanganya, simu za wakulima wenzangu wa Igunga, mkoani Tabora, huwa na swali lilelile: soya imekuwa njano, niweke mbolea ya urea kiasi gani? Nami huwauliza, njano imeanzia majani ya chini au ya juu?

Ikianzia chini na jani zima limepauka, soya ina njaa ya naitrojeni. Ng'oa mche uangalie kama mizizi ina vinundu, vile vyenye bakteria wanaoipatia soya naitrojeni. Lakini majani machanga ya juu yakiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea umekosa chuma, na naitreti, aina ya naitrojeni itokanayo na urea, huzidisha ugonjwa.

Chuma chenyewe kimejaa ardhini. Tatizo ni kwamba udongo mweusi wa mbuga mara nyingi una chokaa, na pH (kipimo cha tindikali ya udongo) ikipita 7.5 hivi chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka. Maji yakituama, hali huwa mbaya zaidi. Dondoshea siki kwenye bonge kavu la udongo: ukichemka povu, chokaa ipo. Jaribu na palipokuwa na kichuguu. Wa Urambo na Sikonge wenye mchanga wa tumbaku wasihangaike na haya, maana shida yao ni tindikali, na chokaa tunayoikimbia sisi wao huinunua.

Dawa kubwa ni mbegu. Aina nyingine za soya mizizi yake hutoa tindikali na kukibadili chuma hadi kifyonzeke. Nyingine hazina nguvu hiyo. Kule Minnesota na North Dakota, Marekani, aina hupewa alama 1 hadi 5 kwa kuvumilia uhaba wa chuma, na 1 ndiyo inayobaki kijani. Mifuko ninayonunua mimi huandikwa siku za kukomaa, habari ya chuma haimo. Kwa hiyo pima mwenyewe. Chukua mbegu kidogo ya kila aina unayoipata, iwe Uyole Soya au nyingine, waulize na watafiti wa TARI Tumbi, kituo cha utafiti wa kilimo cha Tabora, kisha panda mistari inayotoka udongo mzuri na kupita katikati ya doa baya, pale soya hugeuka njano. Kagua jani la pili na la tatu lenye vijani vitatu vitatu likishachanua. Usisubiri, kwa sababu baadaye soya nyingi hurudia kijani na kukudanganya wakati mavuno yameshapungua.

Aina inayoshinda kwenye doa si lazima ishinde shamba zima. Mara nyingi huzidiwa pale penye udongo mzuri. Ipande kwenye doa tu, tena kwa kubananisha kidogo ndani ya mstari.

Chuma cha kunyunyizia majani sikipendi: hung'arisha siku chache, majani mapya yanatoka njano tena.

Aina zote zikipauka, tengeneza majaruba ulime mpunga. Maji yale yale yanayoitesa soya huyeyusha chuma kwa ajili ya mpunga.