Acha kwanza hiyo bei ya rangi

Mkuu, weka kalamu chini. Unataka kuomba tenda ya kukarabati mnara wa tangi la maji, ua na mabomba ya ardhini kwenye kambi ya jeshi hapa Nairobi, na muuza rangi amekuambia dawa ya kugeuza kutu inapakwa juu kwa juu, hakuna haja ya kukwangua sana. Huyo ndiye aliyenimaliza. Kama si yeye, basi ni wa ukoo wake.

Mimi nilihesabu lita za rangi na mafundi, kusafisha nikaandika "brashi ya waya" na pesa ya chai. Nikashinda tenda, sikujiuliza mbona bei za wenzangu wote ziko juu. Kwenye viungo vya mnara, pale vyuma vinapolaliana chini ya bolti, kutu ilikuwa magamba ya kubanduliwa kwa ukucha. Ile dawa hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshika chuma. Gamba haipenyi. Tukapaka hivyo hivyo, kama kumpaka poda mgonjwa wa tetekuwanga. Tena ilikuwa Julai, asubuhi ya ukungu, chuma kinatoka jasho. Kanuni ni chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji juu ya chuma. Muuzaji hakunitajia. Alinipa kalenda.

Mvua za vuli zilipofika, rangi ikafanya malengelenge. Ukibonyeza, yanatoka maji ya rangi ya chai.

Sasa hapa ndipo pesa huisha. Kurudia kazi kambini si kama kurudia geti la mtu Umoja. Majina ya mafundi yanapelekwa upya, vitambulisho vinakaguliwa upya, simu zinabaki getini, na lazima apatikane askari wa kuwasindikiza. Siku wakiwa na shughuli zao mnarudishwa, na kibarua anataka mshahara wake vilevile. Jukwaa la kupandia nikakodi tena. Zile pesa wanazoshikilia hadi muda wa dhamana uishe, zikamezwa zote. Rangi yenyewe ilikuwa sehemu ndogo ya hasara. Msinicheke, humu mna watu walionunua ploti Kitengela kwa picha ya WhatsApp.

Kwa hiyo bei ya kusafisha iandike kwanza, kwenye mstari wake. Chuma kipigwe chembe kali kwa kompresa hadi kiwango cha usafi cha Sa 2½, yaani kutu yote itoke yabaki madoa hafifu tu (usitumie mchanga wa mto, vumbi lake linaua mapafu), na praima, ile rangi ya kwanza, iingie siku hiyohiyo. Bajeti isipotosha, punguza eneo, usipunguze usafi. Wakilalamika ni ghali, waambie Marekani ilitunga sheria mwaka 2002 ya kumweka mhusika wa kushughulikia kutu kule Pentagon, wizara yao ya ulinzi, na bado kutu inawala mabilioni ya dola kwa mwaka.

Ukienda kupima, beba nyundo ndogo. Gonga kila kiungo. Kikilia butu na gamba likadondoka, hapo andika chuma kipya, rangi baadaye.