Hilux ya zamani inakula swichi za taa: kabla ya kununua ya tatu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki hapa Lindi. Nina Hilux ya mwaka 1994, injini 3L, dereva wangu anapeleka nayo mzigo Masasi, na safari karibu zote ni za usiku kuamkia alfajiri. Taa kubwa zinatusumbua tangu mwaka jana. Zilianza kwa kuzimika gari likiingia kwenye shimo, kisha zinarudi zenyewe. Baadaye dimu (mwanga wa chini) ikawa haiwaki mpaka dereva aushikilie mkono wa swichi kwa juu, ila fulu (mwanga wa juu) inawaka vizuri. Fundi akasema swichi imekufa. Tukaagiza ya mtumba Dar es Salaam, ikafanya kazi miezi mitatu ikafa vilevile, na safari hii kuna harufu ya plastiki inayoungua kwenye usukani. Taa ndogo, indiketa na honi ni nzima. Fyuzi haijawahi kuungua. Dereva anasema balbu tulizonazo sasa ni kali kuliko za mwanzo. Je, ninunue swichi mpya kabisa?

JIBU: Dada yangu, swichi usinunue kwanza. Na huyo dereva msikilize, maana alichokisema kuhusu balbu ni nusu ya jibu. Lakini harufu ya plastiki si jambo la kusubiri. Gari lisitembee usiku mpaka likaguliwe, na likilala dereva achomoe waya wa ethi, yaani wa hasi, kwenye betri. Chini ya usukani kuna waya nyingi zimebanana ndani ya kava la plastiki, zikishika moto hakuna wa kuziwahi.

Sasa sababu. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, Hilux ikiwemo, taa kubwa hazijafungwa kama wengi tunavyodhani. Tunadhani swichi inapeleka moto, yaani umeme wa upande wa chanya, kwenye balbu. Hapana. Moto unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unakwenda kuingojea balbu. Swichi ya dimu na fulu iko upande wa kurudi, na kazi yake ni kuipa balbu ethi. Ukiweka dimu, ethi inashikana na uzi wa dimu. Ukisukuma fulu, ethi inahamia uzi wa fulu. Kwa hiyo umeme wote wa taa mbili, ukishamaliza kuwasha, unarudi kwa kupita kwenye vibati vya shaba ndani ya swichi, na mahali vinapogusana ni padogo kama punje ya mchele. Kwenye Land Rover 109 ni kinyume chake, swichi ndiyo inayokata moto, na ndiyo maana fundi aliyekulia kwenye Land Rover anaweza kuhangaika na Hilux siku nzima akitafuta moto mahali ambapo haujawahi kupita.

Tupige hesabu kidogo. Balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili za dimu na fulu, ya kawaida ni ya wati 60 kwa 55, yaani fulu 60 na dimu 55. Gawanya 55 kwa volti 12, unapata ampea 4.6 kwa taa moja, 9.2 kwa zote mbili. Mzigo huo swichi inauweza. Hizo kali zinazouzwa madukani mara nyingi ni 100 kwa 90. Dimu sasa inakula ampea 7.5 kila taa, jumla 15. Halafu chukulia vibati vimechakaa na kushika uchafu, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, umefika sehemu moja ya kumi ya omu, kitu ambacho mita nyingi za umeme za bei rahisi hata hazitakuonyesha sawasawa. Joto linalozaliwa pale ni ampea kuzidisha ampea kuzidisha ukinzani. Kwa balbu za kawaida ni kama wati 8 na nusu. Kwa balbu kali ni wati 22 na nusu. Pasi ndogo ya kuchomelea risasi ina wati 25! Ndiyo hiyo mmeificha ndani ya plastiki, halafu gari likaondoka Lindi saa tisa usiku.

Ndiyo maana pia dimu imekufa na fulu ni nzima. Kila moja ina kibati chake, na dereva mstaarabu anaendesha dimu muda mwingi kuliko fulu. Dereva anapoushikilia mkono kwa juu anavikandamiza vibati vigusane, taa zinawaka. Na fyuzi? Fyuzi inahesabu ampea tu, haina habari na joto la mahali pengine. Mara nyingi kila taa ina fyuzi yake, hivyo ampea 7.5 zinapita pale kwa amani kabisa huku swichi inayeyuka. Kagua hata hivyo kama hizo fyuzi ni fyuzi kweli. Nimekuta karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara imekunjwa vizuri sana mahali pa fyuzi, na mwenye gari anajisifu kwamba fyuzi zake haziungui.

Kuna na bahari. Gari linalongoja mashua ufukweni linakula chumvi usiku kucha. Hapa Mtwara, magari ya Mikindani na Msimbati nayajua kwa rangi ya waya zake kabla sijauliza yanatoka wapi: ukichuna mpira, shaba ya ndani ni nyeusi, na kwenye tamino, yaani kile kichuma cha mwisho wa waya, kuna unga wa kijani. Mahali waya wa ethi wa taa unapofungwa kwenye bodi, chini ya ile boliti, utakuta kutu. Kila kutu ni ukinzani.

Nikiri jambo. Zamani kidogo nilimbadilishia mteja mmoja swichi tatu ndani ya mwaka, kila mara nikilaumu duka lililomuuzia. Mzee mmoja mstaafu wa umeme alikuja gereji kunywa chai, akaniangalia nafunga ya tatu, akaniuliza tu, “Hiyo iliyotangulia uliipasua ukaona ndani?” Sikuwa nimeipasua. Tangu siku hiyo swichi mbovu haitoki gereji kwangu kabla sijaifungua.

Sasa mpe dereva simu asome hapa, au fundi wenu wa umeme.

Kwanza hakikisha gari limefungwa vipi, maana huenda kuna mtu alishabadilisha waya. Chomoa plagi nyuma ya taa zote mbili, maana balbu iliyobaki inaweza kurudisha volti ikakudanganya. Washa swichi ya taa kubwa. Waya mweusi wa mita uwe kwenye hasi ya betri, mwekundu uguse matundu ya plagi moja baada ya jingine. Kama tundu moja linasoma volti 12 wakati wote, ukiweka dimu au fulu halibadiliki, na mawili mengine hayana kitu, basi ethi ndiyo inayokatwa na swichi, kama nilivyoeleza. Kama volti 12 zinahama kutoka tundu moja kwenda jingine ukibadilisha dimu na fulu, basi moto ndio unaokatwa, na jaribio linalofuata usilifanye kabisa, utapiga shoti.

Kama ni ethi: rudisha plagi kwenye balbu, weka dimu, taa ziwe katika ule ubovu wake. Chukua kipande cha waya, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine ichomeke nyuma ya plagi iguse waya wa dimu. Taa zikiruka ghafla zikawa nyeupe, umeshajua kwamba balbu, fyuzi na njia ya moto ni nzima, ubovu uko kati ya plagi na ethi ya swichi. Mwenye mita atafanya kistaarabu zaidi: taa zikiwa zinawaka, pima volti kati ya ule waya wa dimu na hasi ya betri. Nusu volti au chini ya hapo ni sawa. Ukikuta volti moja na nusu, mbili, hizo zimeibwa njiani. Na wizi huo mdogo unaonekana barabarani, kwa sababu balbu ikipungukiwa volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30.

Kufungua swichi si kazi kubwa, ila inataka utulivu. Ethi ya betri itoke. Kama usukani una mfuko wa hewa wa usalama, acha, mwachie anayejua. Hilux nyingi za mwaka huo kwetu hazina. Kabla ya kuchomoa usukani piga alama ya rangi kwenye usukani na kwenye shafti, usije ukaurudisha umepinda. Nati ya usukani ilegezwe tu kwanza, isitolewe yote, kisha vuta usukani kwa mikono miwili. Ukiung'oa nati ikiwa nje, utajipiga nao usoni, na huyo aliyejipiga ninamfahamu vizuri.

Kabla hata ya kuipasua swichi, tazama plagi yake nyeupe. Hapa ndipo nakuta ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko ndani. Matundu yote ni meupe, moja limekuwa rangi ya chai, au ya kahawia kabisa, na tamino yake imelegea. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanuka. Kama ni hivyo, mtaweka swichi mpya ya bei yoyote mkaichomeka kwenye tamino ileile iliyolegea, na miezi mitatu haitafika. Tamino ikatwe, iwekwe nyingine iliyobanwa vizuri, au waya uunganishwe moja kwa moja kwa risasi na kuvikwa mpira.

Ndani ya swichi kuna springi ndogo na goroli zinazopenda kuruka. Fungulia juu ya kitambaa cheupe, si juu ya mchanga wa gereji. Vibati vikiwa vyeusi lakini plastiki iliyovishika ni nzima, sugua taratibu kwa msasa laini, namba 800 hivi, ufute kwa petroli kidogo, uviinue kidogo kwa ncha ya bisibisi ili vikandamizane, urudishe. Plastiki ikiwa imeyeyuka na kibati kimezama, hapo hakuna msasa utakaosaidia. Tafuta nyingine, na ya mtumba iliyo nzima inatosha.

Inatosha kwa sababu ya hatua inayofuata, ambayo ndiyo ninayokuomba uilipie hata kama pesa ni ngumu: rilei mbili. Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili yenyewe ibebe umeme mkubwa. Koili yake inakula karibu ampea 0.2. Mkono wa usukani unabaki kubeba hizo tu.

Fundi afanye hivi. Nunua rilei mbili za miguu minne, ampea 30, na plagi mbili mpya za H4. Plagi ya zamani ya taa iliyo karibu na betri haitawasha balbu tena, itakuwa ya kuamrisha rilei. Tundu lenye moto wa kudumu liende mguu namba 86 wa rilei zote mbili (namba zimeandikwa kwenye rilei). Tundu la dimu liende 85 ya rilei ya kwanza, la fulu liende 85 ya pili. Mguu 30 wa kila rilei upate moto wake kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 20, fyuzi ikae shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Mguu 87 wa rilei ya kwanza uende dimu ya balbu zote mbili, wa pili uende fulu, na mguu wa tatu wa balbu ufungwe ethi kwenye bodi, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kisha ipakwe grisi juu yake kwa ajili ya chumvi yenu. Waya usipungue milimita mraba 2.5. Plagi ya zamani ya upande wa pili ifungwe tepu, ikae. Rilei zisimame miguu ikiangalia chini, maji ya mvua yasituame ndani.

Hii ni kwa gari linalokata ethi. Kama jaribio limeonyesha linakata moto, tofauti ni kwenye koili tu: 86 za rilei zinapokea dimu na fulu kila moja ya kwake, 85 zote zinakwenda ethi.

Balbu rudisheni za 60 kwa 55. Najua dereva atanung'unika, lakini taa zikishapata volti zake zote kupitia rilei, atashangaa hizo za kawaida zinavyoona. Hizo za 100 zinapika kioo cha ndani cha taa mpaka kinabadilika rangi, na katika barabara ya Mingoyo kwenda Masasi, msimu wa korosho, anayekuja mbele yake anapofushwa asimwone mwenye baiskeli pembeni.

Mkimaliza, ile taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi inaweza kufifia au kukataa kuwaka. Kwenye Toyota hizi inatokea, kwa sababu ilikuwa inategemea njia ya balbu ambayo sasa imehama. Asianze mtu kufungua dashibodi akitafuta ubovu. Avute waya mwembamba kutoka mguu 87 wa rilei ya fulu, autie fyuzi ndogo, aulete kwenye kibalbu hicho, waya zake za zamani zikiwa zimetolewa, na upande wake wa pili uende ethi.