Ukitaka Kukodi Kayaki, Uliza Maji Kabla ya Kuuliza Bei

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanakwerekwe, hapa mjini Zanzibar, aliniandikia akitaka kujua akodi wapi kayaki, yaani kile chombo chembamba cha kupiga kafi, kwa bei gani, na kama mwanamke wa Kiislamu anaweza kupiga kafi bila ya kujivunjia heshima. Nimeyapokea maswali yake kwa furaha, kwa sababu najua wapo wengi wenye shauku kama yake, ambao kila mwisho wa wiki huishia Forodhani wakiyatazama maji wasiyoyaingia. Nitamjibu kwa kirefu, ila ajue mapema kwamba swali lililo kubwa kuliko yote hakuniuliza, nalo ni maji yanajaa saa ngapi.

Mji wetu hauna mto wa kupigia kafi. Ulikuwa na mkono wa bahari uliopita kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukijaa na kupwa kila siku, lakini ulifukiwa kidogo kidogo mpaka ukamalizika, na leo juu yake tunapita kwa miguu na kwa magari. Kwa hivyo mtu wa mjini anayetamani maji membamba yenye miti huku na huku hana budi kutoka mjini na kuifuata mikoko. Kwa Unguja, msitu mkubwa wa mikoko uko Ghuba ya Chwaka, na sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya taifa pamoja na Jozani tangu mwaka 2004. Mimi huenda Michamvi Kae, upande wa rasi unaotazama ndani ya ghuba. Walioko Pemba wana mikono ya bahari inayoingia mpaka karibu na Chake Chake na Wete, na nitakayoyasema kuhusu maji yanawahusu wao vilevile.

Mara ya kwanza nilikwenda kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja, na fedha zangu nilikuwa nazo mkononi. Kijana aliyekuwa akizitunza kayaki, ambaye kwa umri ni kama mdogo wangu wa mwisho, alinipa shikamoo yake kwa adabu, kisha akaniuliza wageni wangu wako wapi. Nilimwambia kuwa sikuja na wageni, nimekuja kukodi mwenyewe. Akalitazama baibui langu, akazitazama kayaki, akasema zile ni za wageni wa hoteli tu. Hatujamaliza kuzungumza, akaja bwana mmoja wa Kizungu aliyepanga nyumba ya jirani, wala si pale hotelini, akapewa kafi bila ya kuulizwa chochote. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na sioni sababu ya kulificha. Bahari ile mjomba wangu aliivua maisha yake yote. Mimi ndiye niliyeulizwa nimefuata nini.

Sikurudi mjini. Nilitembea ufukweni mpaka nikampata kijana mwenyeji aliyekuwa na kayaki zake chache chini ya mkungu, naye akakubali mara moja, tena kwa bei ya mwenyeji. Aliniambia twende kesho yake saa tatu asubuhi, kwa sababu ndiyo saa wanayoipenda watalii. Nikamuuliza mwezi una siku ngapi tangu uandame. Akahesabu, akasema kesho ni tarehe 15. Nikamwambia kwamba saa tatu siendi, nitakwenda saa tisa alasiri.

Elimu hiyo niliipata kwa mjomba wangu wa Chwaka, ambaye alipokuwa akitaka kwenda baharini hakutazama saa wala simu, aliuhesabu mwezi tu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku hizo kwetu maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, hata mwezi unapofika nusu, kwenye tarehe 7 au 8 na tena 22, yanakuwa maji mafu, ambayo hujaa kabla ya adhuhuri na mwendo wake ni mdogo. Anayeanza namshauri achague maji mafu, kwa sababu mkondo hauna nguvu ya kumburura, ingawa vijito vya ndani kabisa hatavifika kwa uchache wa maji.

Asubuhi ile nilikaa barazani nikinywa chai. Kundi moja lililotoka saa tatu na mkodishaji mwingine nililiona likirudi karibu na adhuhuri, watu wote wamo majini, yaani wamo matopeni, wakiziburura kayaki kwa kamba huku wakizama mpaka magotini. Mmoja wao alikuwa akitokwa na damu wayoni, kwa sababu chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko hukata kama kijembe. Bei waliyolipa naamini ilikuwa kubwa kuliko yangu mara kadhaa, na hakuna aliyewaambia habari ya maji.

Saa tisa mimi niliingia, na maji yanayojaa ndiyo yaliyonipeleka. Sitasimulia kila kona. Nitasema tu kwamba baada ya kuupita mlango wa kijito, upepo ulikatika, sauti ya ufukweni ikapotea, na nikawa nawasikia kaa wakikwaruza juu ya mizizi. Ndege aitwaye mdiria alitangulia mbele yangu kutoka tawi hadi tawi. Hapo ndipo nilipojifunza alama ambayo sasa naitegemea kuliko saa: itazame mizizi ya mkoko pale inapogusana na maji. Madhali maji yanapanda, mzizi ulio juu yake huwa mkavu na wa kijivu. Ukiona utepe mweusi ulioroa juu ya maji, hata ukiwa wa upana wa vidole viwili, maji yameshaanza kutoka, na wewe geuza papo hapo. Niligeuza, mkondo ukanisindikiza, nikafika ufukweni kabla ya magharibi bila ya kuchoka. Niliona fahari, na fahari hiyo ninayo bado.

Ukishauliza maji, uliza upepo. Wakati wa upepo wa kusi, Kae huonekana kama ziwa, kwa sababu rasi inaukinga ufukwe, lakini upepo ule hutoka nchi kavu kuelekea ghubani, na kila unavyojitenga na ufukwe ndivyo unavyozidi kukusukuma nje. Anza kwa kupiga kafi dhidi ya upepo, ili wakati wa kurudi ukusaidie. Usipite juu ya mashamba ya mwani maji yanapokuwa kidogo: zile kamba na vigingi ni kazi ya mikono ya akina mama, na tangu kilimo hicho kilipoanza kwa biashara mwaka 1989, nyumba nyingi za upande huo zimesimama kwa mwani.

Kabla ya kulipa, hakikisha kizibo cha nyuma kimekazwa, kisha itikise kayaki. Ukisikia maji yanacheza ndani, omba nyingine. Jaketi okozi livae tangu ufukweni na ulikaze, hata kama unajua kuogelea. Ama heshima, niliacha baibui kwa mwenyeji wangu nikavaa suruali, gauni fupi la mikono mirefu, na mtandio niliouchomeka ndani ya jaketi ili upepo usiupate. Hakuna aliyenisema, na mabinti wawili wa pale waliniomba niwafundishe.

Hapa nataka nizungumze na wazazi wenzangu. Tunawakataza watoto wa kike maji tangu wadogo, kisha tunashangaa kwamba vijana wetu hawaijui bahari inayowazunguka pande zote. Mpeleke mtoto wako, muulize mwezi una siku ngapi, mwachie ahesabu mwenyewe. Na nyinyi mnaokodisha, mkiwa wenyeji au wageni, mna wajibu juu ya kila mtu mnayempa kafi. Bandikeni ubao mahali pa wazi, muandike kila asubuhi saa ya maji kujaa na saa ya kupwa, chini yake bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na jaketi okozi za watoto ziwepo hata siku ambayo hakuna mtalii aliyekuja na mtoto.