Maswali ya Wasomaji: Kazi Isiyo na Lango

Katika toleo hili tumechagua barua tatu miongoni mwa zile zilizouliza namna ya kuoanisha kazi, familia na mapumziko. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi yamehifadhiwa.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mhasibu, nina mke na watoto wawili. Baada ya kusoma mengi kuhusu umuhimu wa kuishi kwa uwiano, niliigawa siku yangu katika mafungu matatu: saa 8 za kazi, saa 8 za familia na mambo yangu, na saa 8 za usingizi. Nimejaribu kwa miezi minne na sijafaulu hata wiki moja. Hesabu zinapofungwa mwisho wa mwezi, kazi hulila fungu la familia. Mtoto akiugua, familia hulila fungu la usingizi. Hata nikiwa nimekaa na watoto, jicho moja huwa kwenye simu kujibu ujumbe wa ofisini ili nisilimbikize kazi ya kesho. Sasa najiona nimeshindwa hata kupumzika. Kosa langu liko wapi?

JIBU: Ndugu yangu, mgawanyo huo wa nane tatu una historia, na nadhani ukiijua utaacha kujilaumu. Mapema katika karne ya 19, Robert Owen, mwenye viwanda mzaliwa wa Wales, alitoa wito wa saa 8 za kazi, saa 8 za burudani na saa 8 za kupumzika, katika zama ambazo wafanyakazi wa viwandani, watoto wakiwemo, walishinda kwenye mitambo kwa saa 12 na zaidi. Wito huo ulipiganiwa kwa miongo mingi, na mwaka 1886 damu ikamwagika kwa ajili yake mjini Chicago, hadi Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mkataba wake wa kwanza kabisa mwaka 1919, mkataba ulioziwekea kazi za viwandani kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Zingatia neno kikomo. Saa hizo 8 zilikuwa ukuta wa kumzuia mwajiri asivuke, na hakuna aliyezikusudia ziwe kipimo cha kumpimia mfanyakazi kila jioni kama ameishi vyema siku hiyo. Wewe umeung'oa ukuta huo ukautengeneza kiboko cha kujichapia.

Kwa kuwa u mhasibu, utanielewa nikisema kwamba hakuna anayeihukumu biashara kwa hesabu za siku moja. Wiki ina saa 168, na mwezi wako una siku chache ambazo lazima ziwe nzito, kwa sababu ndivyo kazi yako ilivyo. Swali ambalo ningekuwa mimi ningejiuliza ni hili: zile jioni nne au tano ambazo ofisi huzikopa kwa familia yako mwisho wa mwezi, hurudishwa lini? Ikiwa wiki inayofuata unatoka mapema siku mbili na kukaa na wanao bila haraka, deni limelipwa na vitabu vimefungwa sawasawa. Ikiwa hazirudishwi kamwe, basi huko si kukopa tena, na hata ratiba iliyopangwa kwa rula haitaficha ukweli huo.

Hata hivyo, lililonishtua zaidi katika barua yako ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu, yaani lile jicho moja kwenye simu. Mfanyakazi wa mwaka 1919 alipotoka langoni, mtambo ulibaki ndani ya kiwanda. Hakuweza kuubeba hata angetaka. Mtambo wako unaubeba mfukoni. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, sheria inayataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana na wawakilishi wao kuhusu haki ya mfanyakazi kujitenga na vifaa vya kazi baada ya saa za kazi, na mataifa mengine kadhaa yamefuata njia hiyo. Ukitafakari, ni jambo la ajabu kidogo kwamba imebidi bunge likae ili mtu apate ruhusa ya kuizima simu, lakini ndiko tulikofika.

Nawe hujibu ujumbe huo ukidhani unaokoa muda. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, hasa ile ya kwanza ikiwa haijamalizika, sehemu ya umakini wake hubaki nyuma na ile ya pili huifanya kwa upungufu. Ndiyo maana saa 8 zako za familia hazikuridhishi hata siku ambazo zimetimia: zimetimia kwa saa ya ukutani tu, na watoto wamekaa na nusu ya baba.

Kwa hiyo jitengenezee lango. Tumia dakika 10 za mwisho kazini kuandika ulipoishia na hatua ya kwanza utakayoanza nayo kesho, kwa sababu akili huliachia kwa urahisi zaidi jambo lililowekewa mahali pa kuendelea. Zima arifa za kazi kwenye simu, kisha uwaeleze wenzako kwamba lenye dharura ya kweli wakupigie badala ya kukuandikia. Utashangaa jinsi dharura zitakavyopungua. Katika yale mafungu yako matatu, ningelinda kwa ukali fungu moja tu, nalo ni usingizi, kwa kuwa wataalamu wa afya humshauri mtu mzima alale angalau saa 7, na anayezipunguza kila usiku hulipa kwa hasira, kwa kusahau na kwa makosa ya hesabu.

Nisikufiche jambo moja. Ikiwa kazi uliyopewa ni ya watu wawili, hakuna ratiba wala lango litakalokusaidia. Hapo unapaswa kumwendea mkuu wako ukiwa na orodha ya majukumu na muda ambao kila moja huchukua, umuulize lipi lisubiri.

SWALI: Mimi ni kijana, nafanya kazi ya kutengeneza programu za kompyuta na naipenda mno. Hufanya kazi zaidi ya saa 60 kwa wiki kwa hiari yangu, wala sioni uchovu. Kuna ubaya gani?

JIBU: Moyo na mishipa ya damu haiulizi kama kazi unaipenda. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha makadirio yaliyoonyesha kwamba kufanya kazi kwa saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo, ikilinganishwa na wanaofanya kazi kwa saa 35 hadi 40. Mapenzi ya kazi ni neema, nami sikuombei uyapoteze. Ila anayeipenda kazi yake ndiye huchelewa kugundua kwamba imeanza kumla. Jichunguze kwa dalili tatu ambazo Shirika la Afya Duniani huzitaja linapoeleza uchovu uliopindukia wa kazi: kuishiwa nguvu, kuanza kuitazama kazi kwa chuki au kejeli, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija kama zamani. Ya pili ikimfika mtu kama wewe, asiipuuze.

SWALI: Mshauri, makala zote kuhusu uwiano huwahusu watu wa ofisini. Mimi ni mama wa watoto watatu, sina ajira, lakini naamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Mume wangu husaidia nikimwomba. Mapumziko yangu ni yapi?

JIBU: Dada yangu, umetukosoa kwa haki. Ibara ya 24 ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inasema kila mtu ana haki ya kupumzika. Haikusema kila mwajiriwa. Ugumu ni kwamba kazi ya nyumbani haijawahi kuwa na lango, kwa kuwa anayeifanya hulala humo humo.

Neno lililobeba tatizo lako ni hilo la "nikimwomba". Anayesubiri kuombwa hupunguza kazi ya mikono, lakini kazi ya kukumbuka, kupanga na kufuatilia hubaki kwako, nayo haina muda wa kutoka. Zungumza na mumeo, tena siku ambayo hamjagombana, umkabidhi baadhi ya majukumu kwa ukamilifu wake, kuanzia kukumbuka hadi kumaliza. Akichukua mambo ya shule ya watoto, basi ada, sare, mikutano ya wazazi na madaftari yaliyojaa viwe vyake. Atakosea mwanzoni, na huenda mtoto akafika shuleni bila daftari. Usimkimbilie. Ukilirudisha jukumu hilo mikononi mwako kwa sababu ya daftari moja, atasubiri kuombwa tena.

Pamoja na hayo, chagueni saa moja kila siku ambayo hupaswi kuulizwa jambo lolote la nyumbani, na ikiwezekana saa hiyo uitumie nje ya nyumba. Ndani, macho yataona tu kinachohitaji kufutwa.